Kibuyu cha Cucu Kilichopelekwa Shule

Wenzangu mliosoma miaka ya tisini huku kwetu Karurumo mtakumbuka: Ijumaa tulibeba maji ya mtoni tukamwagia sakafu ya darasa ili vumbi litulie, tukacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka kengele ilie, na githeri ya mkebeni, mahindi na maharagwe, ikaliwa baridi bila mtu kulalamika. Siku hizi mtoto akipewa githeri bila parachichi anauliza amekosa nini.

Nilipokuwa darasa la tano, Mwalimu Nyaga aliomba stoo ya majembe iwe makumbusho ya shule. Kila mmoja wetu alete kitu cha zamani kutoka nyumbani. Kwa haraka zangu nilichukua kibuyu cha uji cha cucu, mama yake mama, bila kumwomba. Kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi.

Kesho yake cucu akaingia shuleni, leso kiunoni. Niliinamia dawati nikijua nitachapwa mara mbili, shule na nyumbani. Alikitazama kibuyu chake kwenye rafu, akanitazama mimi, kisha akamwambia mwalimu, "Kimekuja bila ruhusa. Lakini kwa vile kimeshafika shule, wacha kisome."

Akaketi, akatueleza kwa Kiembu. Mama yake ndiye aliyekipanda na kukikausha. Kilipasuka siku walipofukuzwa kwao enzi za ukoloni, cucu alipoanguka nacho akikimbia.

"Nilikishona kwa sababu ndicho pekee nilichotoka nacho."

Maisha yangu yote nilikuwa nimenywea uji humo nisijue. Mwalimu aliandika maneno yote ya cucu kwenye kipande cha katoni, kisha akatuagiza kila mmoja alete na maneno ya kitu chake yaandikwe vivyo hivyo. Nyumbani cucu hakunichapa. "Siku nyingine omba," alisema tu.

Mwaka jana tulisikia ile stoo itabomolewa, tukakutana tuliosoma pale ili tuviweke vile vitu mtandaoni. Mwalimu Nyaga, ambaye sasa amestaafu, alikataa picha tupu. "Mtu akiona kibuyu, ataona kibuyu tu," alisema. "Mpeni na maneno asikie."

Basi kila mmoja akajirekodi kwa simu akisoma katoni yake, kwa Kiembu na kwa Kiswahili. Cucu alishatutoka, kwa hiyo ya kwake niliisoma mimi, nyumbani kwangu Majimbo, nikairudia mara nne mpaka ikasikika vizuri.

Wiki hiyo binamu yangu alinipigia. Ameolewa Laare, na miguu haimruhusu tena kusafiri. "Nimesikiliza mara tatu," akasema polepole. "Cucu alinilea, na sikujua alipitia hayo."

Namshukuru sana yule mwalimu. Utotoni kila boma lilikuwa na mzee, nasi tulikuwa na vipande vya katoni tu vya kuandikia. Leo simu ya kijana wangu inaweza kuhifadhi sauti za kijiji kizima, naye ameijaza video za watu wakiteleza matopeni. Wazee ndio wamepungua. Jumamosi nilimtuma na simu yake kwa mama yangu, aanze kumrekodi yeye.