Mama wa Kwenye Gemu Hafi

Mimi si mtaalamu wa filamu. Nimeishia kidato cha nne, nasuka nywele mtaani kwetu, Picha ya Ndege. Lakini gemu ile naijua. Waliotengeneza filamu yake hawaijui, au waliijua wakaipuuza, ambayo ni mbaya zaidi.

Ni gemu ya mama na binti yake wanaovuka nchi iliyoungua. Basi. Mama anatangulia, mtoto anafuata, ukiminya kitufe wanashikana mikono. Mtoto akibaki nyuma, mama hasogei mbele hata umlazimishe vipi, anarudi kumtafuta. Mimi na binti yangu tuliicheza miaka miwili kwenye mashine ya mtumba, pedi mbili za kuchezea, moja imefungwa solotepu. Yeye ndiye alikuwa mama, mimi mtoto. Kubadilishana hakutaka kabisa.

Mwaka huu alitimiza miaka saba. Baba yake, tuliyeachana naye, ni mtu wa Kisarawe, na kwao mtoto akifika saba anahamia upande wa baba. Wazee walikaa kikao, mimi wakaniita mwishoni kunipa taarifa. Baba yangu mzazi alikuwa upande wao.

"Mwanangu, si Ulaya huko. Kisarawe hapo tu."

Hapo tu.

Wiki ya mwisho nikasikia filamu ya gemu yetu imefika, imetafsiriwa Kiswahili, inaonyeshwa kwenye kibanda cha video kule Sofu. Nikaona hiyo ndiyo zawadi ya kumuagia. Akili yangu ndogo.

Tuliingia saa nane mchana. Wanaume watupu.

"Sista, leo hakuna tamthilia hapa," mmoja akasema.

"Pisha benchi, mtoto akae."

Akapisha, anacheka.

Dakika ya tano mama akauawa. Kisimani, kwa mshale mmoja. Nikadhani ni ndoto, ataamka sasa hivi. Wapi! Akatokea mwanamume kifua wazi, eti baba, ambaye kwenye gemu hayupo kabisa, akaanza kulipiza kisasi kwa saa nzima na nusu. Mtoto wakamweka nyuma ya farasi kama mzigo. Na mtafsiri, mwanamume yuleyule anayewasemea wote, mama, mtoto na farasi, akapaza sauti: "Mama keshakata moto wadau! Sasa mzee baba anaingia kazini!" Kibanda kizima kikacheka.

Ni uvivu huo. Mtu anapewa hadithi ya mama anayerudi, anamuua mama ili baba apate sababu ya kupigana. Nilitaka kumpigia mtu kelele, lakini nani? Mwenye kibanda? Yeye kanunua tu.

Tulipofika barabara kuu binti yangu akasimama.

"Mama, mbona kafa?"

"Wamekosea."

"Waliotengeneza si watu wazima?"

"Ni watu wazima."

"Sasa watu wazima wote hao wakosee?"

Nikamshika mkono tukavuka.

Jioni nikawasha mashine nimwonyeshe kwamba mama yetu yupo, mzima. Akanisukumia pedi yake. "Wewe ndiye uwe mama. Mimi sitaki kumuua." Nikacheza peke yangu nusu saa, yeye kageukia ukutani. Siku zilizobaki hakuigusa tena.

Jumamosi asubuhi bibi yake, mama wa baba yake, akaja kumchukua. Nilimwombea mama yule awe mbaya. Si mbaya. Alileta mihogo na gauni jipya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Binti yangu akasimama mbele yake, gauni jipya mwilini, bado lina mikunjo.

"Bibi, mama akifa huku, mtajuaje?"

"Astaghfirullah! Mtoto huyu! Nani kamfundisha maneno haya?" Hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

"Ni filamu, mama. Tulikwenda kuangalia filamu..."

"Filamu. Wapi?"

"Kwenye kibanda."

"Cha wanaume?"

Ningeanzia wapi? Kisima, mshale, pedi yenye solotepu? Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mama asiyejua kulea.

"Ndiyo maana wazee wakasema aje kwetu," akasema, kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionimaliza.

Nikainama kumfunga mtoto viatu. Nilifunga polepole, nikafungua, nikafunga tena, mpaka bibi yake akasema jua linapanda.