Mpira wa Kumwagilia Nyasi

Ukame ule ulikuwa unaua nyasi zangu mtaani Buruburu, nami nilikuwa karibu kushikwa na wazimu. Nilitoboa mpira wa maji kwa msumari wa moto, nikaulaza katikati ya nyasi, nikauunga kwenye mfereji wa bomba. Mfereji ulikohoa hewa tu. Niliutukana kila asubuhi.

Jumamosi moja mpira ukaruka, maji yakafoka kila tundu. Nyumba yetu ilikuwa bondeni kuliko zote, kwa hivyo maji kidogo ya mgao yalifika kwetu tu. Majirani wakaingia mbio na masufuria, kila mmoja akapiga magoti kwenye tundu lake.

"Mnakanyaga nyasi zangu! Tokeni!"

Hakuna aliyeinua kichwa. Mke wangu akatoka na karai, akanisukumia kifuani.

"Baba Watoto, unangoja nini? Kinga!"

Nikapiga magoti, nikakinga. Hakuna tone lililogusa nyasi.