Kipupwe cha Mkasi

Wanaume wengine walileta khanga. Kuna aliyewahi kuniletea redio ya betri, na mwingine kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Huyu niliyekuja kuolewa naye aliniletea vijiti. Alishuka kwenye lori barabarani, akaja moja kwa moja mpaka nyumba za walimu, akakifungua mezani pangu kifurushi cha gunia lililoloweshwa maji. Ndani mlikuwa na vijiti vya kahawia, vikavu kwa kutazama, kila kimoja urefu wa kalamu ya risasi.

"Mwalimu, nimekuletea zabibu," alisema.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya wasichana kando ya barabara ya Mombasa, upande wa Makueni, naye alifanya kazi katika mashamba ya utafiti pale Kiboko. Tulikuwa tumekutana alipokuja kuwaonyesha wanafunzi namna ya kupanda mipapai. Alipita mlangoni mwa darasa langu akanikuta nimesimama juu ya kiti, nikichora Bahari ya Kati kwa chaki ya buluu. Nilikuwa nikifundisha nchi za mizabibu, na mada ile niliipenda kupita kiasi. Nilijua kwamba mzabibu unataka kipupwe chenye mvua na kiangazi kikavu. Nilijua kwamba Wajerumani huupanda kwenye miteremko ya mto Rhine inayotazama kusini, wasipoteze hata mwale mmoja wa jua, na kwamba Wareno wamechonga milima ngazi kando ya Douro. Kule Rasi ya Tumaini Jema misimu imepinduliwa, watu wanavuna Februari wakati Wafaransa wanatetemeka. Riesling, Muscat, Chenin, Cabernet: niliyatamka majina hayo ya zabibu kwa raha ambayo wenzangu walikuwa nayo kwa majina ya wapiga gitaa. Na sikuwa nimeonja tone la divai maishani mwangu.

Ningeionja wapi? Baba yangu, kwetu Mutomo, alikuwa mzee wa kanisa, na si mzee wa kanisa wa kawaida. Kabla ya kuokoka alikuwa mtengenezaji wa uki, ile pombe yetu ya asali, na hakuna aliyemfikia. Uki huchachushwa kwa tunda la muatini lililokaushwa: unalitumbukiza kwenye kibuyu chenye asali na maji, unakiweka karibu na moto, unangoja. Baba aliujua muatini mzuri kwa kuunusa tu. Nilipokuwa mdogo, koti lake lilikuwa na harufu hiyo, tamu na chachu, nami nilidhani ndiyo harufu ya kina baba wote. Kisha akaokoka. Akavibeba vibuyu vyake mpaka kanisani, akavipasua kimoja kimoja mbele ya watu, na tangu siku hiyo pombe haikuvuka ua wake. Waumini walioteleza wakaonja, yeye ndiye aliyewakalisha kiti cha nyuma, bila kushiriki Meza ya Bwana, mpaka wazee waridhike.

Likizo moja alikifungua kitabu changu cha kufundishia, akakisoma amesimama.

"Mwaitu," aliniambia, "serikali inakulipa ufundishe watoto nchi za walevi?"

Mwaitu ni mama. Aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu, na kukemewa na mtu anayekuita mama ni jambo la kuchanganya akili.

"Ni hali ya hewa tu, baba."

"Basi hiyo hali ya hewa ikae huko huko."

Sasa turudi kwa vijiti. Nilimweleza yule kijana, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba mzabibu hauwezi kuzaa kwetu. Hatuna kipupwe. Mti usiopata baridi haulali, na usipolala hauzai. Utatoa majani mwaka mzima kama mtoto aliyekataa kwenda kitandani. Alinisikiliza kwa adabu kabisa.

"Kipupwe tutatengeneza," akasema.

"Na nini?"

"Na mkasi."

Tulivipanda nyuma ya nyumba yangu. Mwaka wa kwanza tuliviacha vitambae kwenye waya. Mwaka wa pili, mvua ndefu zilipokwisha, alikuja na mkasi mkubwa mkononi akaniambia nisiipe miti maji tena, nayo ikakaa na kiu wiki kadhaa. Kisha akaikata matawi, na yaliyobaki tukayanyonyoa majani kwa mikono, yeye upande huu wa waya na mimi upande ule. Akaniambia wakulima wa Dodoma hufanya vivyo hivyo, huudanganya mti kwamba umelala na umeamka. Kazi ile ingeweza kumalizika asubuhi moja. Tuliifanya siku nzima. Ulikuwa mwezi wa Juni, kuna ukungu kidogo, na kila jani lililoanguka lilinionyesha zaidi uso wake. Jioni hapakuwa na jani hata moja kati yetu, na mimi nilikuwa na furaha ya kipumbavu, furaha ya kutaka kuruka ua. Matawi yaliyokatwa yakaanza kudondosha maji. Mpishi wa shule akapita, akatazama ile mifupa ya miti, akamwambia mwenzake kwamba mwalimu wa jiografia amerukwa na akili. Hakukosea sana.

Miti iliamka. Nilikuwa nikitoka darasani kati ya kipindi na kipindi kwenda kuhesabu vichipukizi, na wanafunzi wananifuata. Maua madogo yakaja, kisha punje za kijani, kisha ndege. Niliifunika miti kwa chandarua changu cha kitandani, mbu wakanila mimi badala ya ndege kula zabibu. Mnamo Septemba, kwenye kiangazi chetu kikavu ambacho Mspanyola yeyote angekionea wivu, vishada vikawa vyeusi. Yule kijana akachuma punje moja akanitia kinywani, akaniuliza kama nitaolewa naye. Nilikuwa natafuna. Nilitikisa kichwa kwa nguvu juu na chini, asije akaelewa vibaya.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwetu msichana hajaposwa mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao, na mbuzi hao hawaendi peke yao, huenda na uki. Yeye alikuwa amelelewa na nyanya yake, susu mmoja wa karibu na Kibwezi aliyekuwa amezika watu wengi na hakuogopa mtu. Susu alisema hajawahi kusikia msichana akiombwa kwa mdomo mkavu. Baba wa msichana anywe kutoka mkononi mwa bintiye, ndipo neno liishe. Baba yangu naye akatuma ujumbe: pombe ikivuka ua wake, mbuzi watarudi na aliyewaleta. Nilikaa katikati. Nililia, nikakasirika, nikawafundisha wasichana habari za jangwa muda wote.

Kisha siku moja, nikifunika vishada vya mwisho, jibu likanijia nikaanza kucheka peke yangu. Maji ya zabibu! Susu atakuwa na cha kumimina, na baba, aliyeijua Biblia nje ndani, atakataaje tunda la mzabibu? Nilikwenda Mutomo mwenyewe kumwuliza. Alifikiri muda mrefu akitazama mbuzi wake.

"Ikiwa ni maji ya tunda tu, ikamuliwe, iletwe," akasema.

Tulikamua Jumatano katika sufuria, kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa, vidole vyetu vikabaki vyekundu wiki nzima. Tulijaza chupa za soda. Yeye akazipeleka kwa susu, ambako wajumbe wao wangeanzia safari Jumamosi; mimi nikatangulia nyumbani.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye. Susu aliziona zile chupa akauliza nani aliwahi kuona mke akiombwa kwa chupa ya soda. Akakishusha darini kibuyu cha ukoo, kile walichobeba walipomposa yeye mwenyewe, akakiosha vizuri kwa maji moto, akamimina humo maji ya zabibu yote. Na kwa kuwa kibuyu cha posa hakilazwi penye baridi, akakitundika karibu na moto. Alifanya hivyo kwa heshima tupu. Lakini kibuyu kilichokaa na muatini miaka yote hiyo, hata ukioshe vipi, muatini umo kwenye ngozi yake. Jumamosi, kwenye ile barabara ya mashimo ya kwenda Mutomo, kizibo kikaruka kikagonga paa la gari. Wakasema barabara hii serikali imeisahau, wakakirudisha.

Wakafika. Mbuzi wakapokelewa, chai ikanywewa, mhubiri wetu akaomba. Kisha nikaitwa nimimine. Nilikiinamisha kibuyu juu ya kikombe cha bati, na ile harufu ikapanda ikanipiga usoni. Ilikuwa koti la baba yangu.

Nisingeweza kumwaga, watu wote walikuwa wananitazama. Nisingeweza kusema, maana neno moja lingewarudisha mbuzi Kibwezi pamoja na mume wangu. Nilipiga goti nikampa baba kikombe. Akakileta karibu na mdomo. Kikasimama hapo. Akanitazama juu ya ukingo wake, mimi nikamtazama. Akafumba macho kwa muda, watu wakainamisha vichwa wakidhani anaomba. Kisha akanywa mpaka mwisho, akakigeuza kikombe juu chini mezani.

"Neno limekwisha," akasema.

Vigelegele! Nikawamiminia wote, na hapo nilipaswa kuogopa lakini miguu yangu haikugusa chini. Mama, ambaye hajui pombe inafananaje, akasema juisi hii inachoma vizuri kwa koo, aongezwe. Akaongezwa. Akaongezwa tena. Mjomba wa yule kijana wangu, aliyekuja amenuna kwa kukosa uki, akaonja, kisha akawaambia wenzake polepole, "Hawa watu wa kuokoka, kumbe wanajificha." Mhubiri akataka kujua tunda hili la ajabu linamea nchi gani, nami nikasimama nikaanza kuzitaja kama niko darasani. Kila nchi niliyoitaja akaiombea.

"Ureno."

"Bwana abariki Ureno, na ile milima yao ya ngazi."

"Amina," wakaitika wazee.

"Aljeria. Chile."

"Chile iko wapi?" mama akauliza.

"Mbali, mama, ni nyembamba hivi."

"Maskini," mama akasema, na machozi yakamtoka kwa ajili ya Chile. Kisha akaanzisha wimbo wa kitabu cha kanisa kwa mwendo ambao kitabu hakikuukusudia, na susu, na vijukuu, na wazee wa pande zote mbili wakacheza mpaka vumbi likawafunika mbuzi. Baba alikaa kwenye kiti chake na kile kikombe kilichopinduliwa. Walipomletea tena alisema imemtosha.

Asubuhi nilimkuta akiwakatia mbuzi wapya majani. Wengine wote walikuwa bado wamelala, jambo lisilo la kawaida katika boma lile.

"Mwaitu," akasema bila kugeuka, "ile kitu yenu ililala kwa kibuyu ya nani?"

"Ya susu yake. Hawakujua, baba. Aliiosha."

"Alikuwa na muatini mzuri huyo mama." Nikaona mabega yake yakitikisika, nikatambua kwamba anacheka. "Mzuri sana."

"Kwa nini ulikunywa?"

Alikata tawi jingine.

"Na ningeitema," akasema, "ungeolewa na nani?"

Ilikuwa Jumapili. Saa ya ibada alisimama kanisani akasema amekunywa pombe, na kwamba alijua ni pombe kabla hajameza. Wakamwuliza ameinywea wapi. Akasema kwenye kikombe. Hakumtaja mtu. Mhubiri alikohoa, akatafuta kitu kwenye kitabu cha nyimbo kwa muda mrefu, na wale wazee walioitikia amina ya Ureno wakatazama viatu vyao. Baba akatoka kiti chake cha mbele akaenda kukaa nyuma, pale alipokuwa amewakalisha wengine.

Alikuwa bado yuko nyuma siku ya harusi yangu. Nilipofika mlangoni mwa kanisa na gauni langu aliinuka kutoka benchi ile ya adhabu, akanipa mkono wake. Nilianza kulia. Akaniinamia sikioni.

"Usilie, mwaitu. Huku ni karibu na mlango, nimekuona wa kwanza."

Tukaanza kutembea. Mbele kabisa mama yangu, aliyekunywa vikombe vitatu na hakuwahi kuulizwa na mtu, alikuwa akiimba kuliko kwaya nzima.

"Mwaka ujao," baba akaninong'oneza tukipita katikati ya watu, "mkamue asubuhi, tunywe mchana."