Kansa Mbili za Mughwai

Mdogo wangu Mughwai ni mchungaji wa Unyambwa. Kiswahili hakukitaka kabisa, na hakielewi. Hata tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, balozi wa nyumba kumi akimsemesha yeye anajibu kwa Kinyaturu.

Mguuni alikuwa na kovu la moto tangu utoto. Mwaka juzi likafumuka, likawa kidonda kisichofunga. Tena tumbo likavimba upande wa kushoto. Tukasema bandama, akachanjwa chale kama tunavyochanjwa wote. Damu ikatoka siku mbili. Nikampeleka hospitali ya misheni.

Daktari akaniamkia, akasema, "Bibi, ndugu yako ana kansa mbili. Ya mguu tutaikata hapa, pamoja na mguu wenyewe. Ya damu ni nyingine, dawa yake iko Dar es Salaam. Mweleze."

"Mbili? Kwa mtu mmoja?"

"Ndiyo. Na moja haikuzaa nyingine."

Daktari mwenyewe kijana, hata ndevu hana! Mimi nimezika waume wawili, najua ugonjwa ni mmoja, unatembea tu mwilini. Nikamgeukia Mughwai, nikamwambia kwa Kinyaturu, "Ubaya unatoka mguuni. Wakiukata mguu, tumbo litashuka." Dar es Salaam sikuitaja.

"Unasema wewe dada, au yeye?"

"Sote."

"Basi wakate. Ng'ombe watanicheka."

Wakaukata, kidonda kikapona. Tumbo likazidi. Kila asubuhi alijipima tumbo kwa kamba ya ndama, ananiita, "Dada, njoo uone, leo haifiki."

Baada ya miezi mitano nikarudi kwa daktari peke yangu. Akashangaa hatujaenda Dar es Salaam. Akachora miduara miwili isiyogusana: huu mguu, huu damu. Miduara niliielewa. Namna ilivyoingia kwa mtu mmoja, hapana. Akaniandikia barua ya kwenda Dar es Salaam.

Nikamweleza Mughwai yote, na nililoficha.

"Kwa hiyo mguu ungekatwa hata hivyo?"

"Ungekatwa."

"Na tumbo lingebaki?"

"Mpaka dawa."

"Sasa dada, umeniponya au umeniua?"

Nikaanza kufunga mizigo ya safari.

Tuko stesheni ya Manyoni tunangoja treni. Barua ameishika yeye, hataki niiguse. Naangalia tumbo lake, naangalia pale mguu ulipokuwa, na bado sijui ningesema nini siku ile.