Kilomita Ishirini na Mbili kwa Lita

Inatangazwa kwa wakazi wote wa mtaa huu, wenye magari na wenye miguu tu, kwamba fundi saa wa kibanda cha kona, mwenye umri wa miaka hamsini na moja na akili timamu kwa kadiri inavyojulikana, sasa ni mmiliki halali wa chombo cha moto. Chombo hicho kinatumia petroli. Kina silinda tatu, na milango mitano ukihesabu ule wa nyuma unaofunguka kwenda juu kama mdomo wa kiboko. Rangi yake muuzaji aliiita fedha, majirani wakaiita sufuria. Watoto wacheze mbali na barabara. Kuku nao wajihadhari.

Tangazo hilo halikubandikwa popote. Lingebandikwa, fundi angelisoma mara mbili, akauliza kama ilikuwa lazima kuwataja kuku, kisha angerudi kwenda kuangalia kama amefunga milango. Ndivyo alivyo. Ni mtu wa kurudi kuangalia.

Gari lenyewe lilikuwa toleo la chini kabisa; chini yake kulikuwa na baiskeli. Vioo ni vya kuzungusha kwa mkono. Mahali pa redio pamezibwa kwa kifuniko cheusi cha plastiki, kama vile redio ilifia humo ikazikwa papo hapo. Lakini muuzaji alitamka neno moja lililomwingia fundi mpaka kwenye uti wa mgongo.

"Mzee, hiki hakinywi, kinalamba. Mjini humu, lita moja ni kilomita ishirini na mbili."

Mtu mwingine angecheka, akachukua ufunguo, akasahau. Fundi saa alikuwa amekaa miaka thelathini na kioo jichoni akitafuta ni kwa nini saa ya mtu inachelewa sekunde nne kwa siku. Wiki ya kwanza alipima, akapata kumi na tisa. Tangu hapo hakuwa na raha. Kilomita tatu zilikuwa zinapotelea mahali fulani, na yeye alitembea akiwa na wasiwasi wa mtu aliyeacha pasi kwenye umeme.

Akafanya alichokijua. Saa ikichelewa, unaifungua na kuiondolea kinachoielemea. Basi tairi la akiba likatoka. Jeki ikatoka na spana zake. Mazulia ya chini yakatoka. Jumapili moja, mke wake akiwa sokoni, alifungua boliti nne akaking'oa kiti cha nyuma chote, kizima kizima, akakisukuma pamoja na tairi na jeki chini ya kitanda cha chumba cha wageni. Kisha akagundua jambo ambalo watengenezaji wa magari duniani kote walikuwa wamelikalia kimya: petroli yenyewe ni nzito. Tangi likijaa, petroli ya leo inabeba petroli ya kesho. Tangu siku hiyo hakuwahi kutia zaidi ya lita mbili. Ile taa ndogo ya njano ya kuonya kwamba mafuta yanakwisha ikawa haizimiki, naye akaizoea kama taa ya sebuleni. Mhudumu wa pampu alimpa jina: Mzee Kijiko.

Gari likafika ishirini na moja na nusu. Fundi akaanza kupunguza kula usiku.

Hapo ndipo mama mkwe wake alipokuja kwa ajili ya macho.

Mama huyu alikuwa amefua mashuka ya hoteli kwa miaka mingi, na mikono yake ilibaki kuwa mikono ya kukamua mashuka. Macho ndiyo yaliyomwishia. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Daktari bingwa wa kuyapasua alifika hospitali kuu siku tatu tu kwa mwaka, na utaratibu ulikuwa mmoja: saa mbili kamili asubuhi uwe kwenye benchi. Usipokuwapo, nesi anakata jina lako kwa kalamu nyekundu, nafasi inakwenda kwa mwingine, tuonane mwakani. Mwaka uliopita jina la mama lilikatwa kwa dakika tisa. Alirudi nyumbani, akakaa mwaka mzima akipapasa kuta.

"Safari hii mama atakwenda na gari," fundi alitamka mbele ya ukoo mzima. Alipokwisha kutamka, mikono ikaanza kumtoka jasho.

Mama alifikia chumba cha wageni. Asubuhi ya pili alitoka akichechemea.

"Mkwe, chini ya kitanda changu kuna nini? Kimenivunja kidole."

"Sanduku la nguo, mama."

"Nguo za chuma?"

"Za baridi, mama. Nzito."

Siku hiyohiyo alidhamiria kukirudisha kiti. Tatizo likawa boliti. Alikuwa amezihifadhi vizuri sana, ndani ya kimojawapo cha vikopo mia tatu vya vipuri vya saa, na siku nne za kufungua vikopo zilimpa kila kitu isipokuwa boliti. Siku ya safari ikafika. Mama aliketi mbele. Mke wa fundi aliketi nyuma, juu ya kigoda cha jikoni, ameshika vichwa vya viti viwili vya mbele kama mtu aliyepanda ng'ombe.

"Mama akijua, nitamwambia sijawahi kukuona maishani mwangu," alimnong'oneza mumewe.

Safari ilikuwa ya kilomita kumi na nne. Ndani ya tangi kulikuwa na lita moja na ushee, na kwa hesabu hiyo wangefika, wangerudi nusu ya njia. Ila hesabu ilikuwa ya mtu mmoja mwembamba anayeendesha tumbo tupu. Fundi aliligundua hilo kwenye kilima cha kwanza, gari lilipoanza kuguna. Hakuna neno, alijiambia, kituo cha mafuta kiko mbele.

Mhudumu wa pampu alimwona, akatikisa kichwa kabla hajasimama.

"Umeme hakuna tangu alfajiri, Mzee Kijiko. Pampu hazivuti."

"Na jenereta?"

"Imekosa fundi."

"Kwa hiyo mafuta hamna?"

"Mafuta yapo tele. Yapo hapo chini unapokanyaga."

Fundi alitazama sakafu ya saruji kama mwenye kiu aliyewekewa maji nyuma ya kioo. Akarudi kwenye usukani. Saa ya mkononi ilisema saa moja na dakika kumi na mbili. Kuanzia hapo, kila foleni iliposimama alizima injini, na iliposogea aliwasha, na kila alipowasha moyo ulimpanda kooni ukangoja huko mpaka injini iitike.

"Mbona kimya kila mara?" mama aliuliza.

"Gari ni tulivu, mama."

"Na hiyo pumzi ni ya nani?"

"Yangu, mama."

Kilima cha tangi la maji ndicho cha mwisho. Ukifika juu, hospitali unaiona chini kwenye bonde. Zilikuwa zimebaki hatua thelathini kufika kileleni gari lilipokohoa. Likakohoa tena kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Likanyamaza. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika ishirini na mbili. Namba hiyo ilikuwa haimwachi.

"Tumefika?" mama aliuliza.

"Foleni, mama. Fupi tu."

Mke alikuwa ameshateremka, ameshaweka mabega kwenye mlango wa nyuma. Fundi alitoka akasukuma kwa upande, mkono mmoja kwenye usukani. Gari lililopunguzwa kila kitu halikusogea hata kwa heshima ya jitihada zile.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Foleni gani hii ambayo mwanangu anahema nyuma ya gari?"

Fundi alifungua mdomo. Akatafuta uongo mwingine, akakuta umekwisha pamoja na petroli.

"Mafuta yamekwisha, mama."

Mama alipapasa mlango, akaufungua, akashuka. Alifuata mbavu za gari kwa viganja mpaka nyuma, akamsogeza binti yake kwa kiuno, akatanguliza mikono ile ya mashuka.

"Ingia ndani ushike usukani," alisema. "Na usiniambie tena habari za foleni. Mimi ni kipofu, si mjinga."

Gari likapanda. Lilipanda kama linaloitwa na mtu, likavuka kilele, na hapo fundi akakumbuka kwamba upande wa pili ni mteremko, kwamba yeye yumo ndani, na kwamba abiria wake wote wawili wako nje. Alikanyaga breki. Mara mbili ilimsikiliza. Mara ya tatu kikanyagio kikawa kigumu kama jiwe, maana injini haikuwapo ya kukisaidia. Usukani nao ukawa wa lori. Alivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, akasimama pua ikigusa mkokoteni wa muuza vitunguu.

"Unanunua au unapita?" muuza vitunguu aliuliza.

"Nangoja wenzangu."

Walikuja wameshikana mikono, binti mbele, mama nyuma. Wakapanda. Sehemu iliyobaki waliteremka bila sauti, fundi akishika breki ya mkono kama hatamu, jasho likimwingia machoni, mpaka lango la hospitali. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Zima injini tukague."

"Imezimwa."

"Mzee, ni utaratibu. Zima."

Fundi aliuzungusha ufunguo kwenda mbele, akaurudisha nyuma.

"Haya. Asante kwa ushirikiano."

Ndani ya ukumbi, nesi alikuwa na orodha juu ya goti na kalamu nyekundu ikiwa tayari juu ya karatasi, herufi ya kwanza ya jina la mama imeshapigwa mstari. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na dakika tatu.

"Mmechelewa, baba. Pole."

Fundi hakumsikia. Alikuwa anaitazama saa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile mikono yake ilikuwa mikavu.

"Saa yenu iko mbele dakika tano."

"Kila anayechelewa husema hivyo."

"Mimi nasema kwa sababu nyingine. Toa simu yako uangalie."

Nesi alitoa simu kwa uvivu wa mtu anayekwenda kumwaibisha mwenzake. Aliangalia. Akaangalia ukuta. Saa mbili kasoro dakika mbili. Mama alisimama katikati yao, uso ameuinua, anasubiri kusikia kama mwaka mwingine umeshakatwa.

"Mama apite kwenye benchi," nesi alisema mwishowe. "Na wewe baba, kesho ukija kumchukua, uje na ngazi uturekebishie hiyo saa."

Kesho yake fundi alifika na mke wake na ngazi. Alifika pia na lita kumi nzima ndani ya tangi, na taa ya njano ilikuwa imezimika, jambo lililomtia hofu njia nzima akidhani imeungua. Boliti hazikuonekana. Alikuwa ameweka mto juu ya kigoda.

Mama alitoka na jicho moja wazi, lingine likingoja zamu yake. Alisimama kwenye ngazi za hospitali kwa muda mrefu. Alimtazama binti yake, akampangusa kitu shavuni ambacho hakikuwapo. Alimtazama mkwe wake, akasema ni mwembamba kuliko sauti yake. Kisha akaliona gari.

Alilizunguka polepole, kama alivyokuwa akizunguka shuka mezani akitafuta doa. Akafungua mlango wa nyuma. Akainama. Fundi alisikia mapigo ya moyo wake, akayahesabu, yalikuwa yanakwenda mbele.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Kiti cha nyuma kiko wapi?"

"Chini ya kitanda chako."