Tableti Iliyokataa Kuwa Flashi

Mtaani walimwita Bi Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Alikuwa mdarizi. Sebule yake yote ilikuwa imemezwa na mashine ya kudarizi, wageni wakawa wanakaa jikoni. Michoro aliichora mwenyewe kwenye tableti, lakini mashine haikujua kusoma kitu kingine ila flashi. Ndipo shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta, alipoiwekea tableti mfumo wa Linux na kuifundisha kujifanya flashi. Unaunganisha waya, mashine inaona mchoro, sindano inaanza kazi. Mambo yakamnyookea.

Jumatatu moja mashine ikadai haioni flashi yoyote. Makoti ya wauguzi yalikuwa yamelundikana kwenye kochi yakisubiri nembo. Shemeji akaja, akagusagusa, akamwonyesha: pale mfumo unapoorodhesha kidhibiti cha USB, kile kinachoiwezesha tableti kuitii mashine, palikuwa patupu. Akasema kidhibiti kimekufa, atafute tableti nyingine. Kesho yake akarudia hayohayo; hata waya hakuubadilisha.

"Kimekufa vipi, na inachaji kwa tundu hilohilo?"

"Shemeji, haya mambo yana wenyewe."

Damu ikamchemka. Mumewe, akidhani anazima moto, akaumwagia petroli: akamuuliza mdogo wake kama tableti ilikuwa nzima ile Jumapili alipoiazima. Jumapili hiyo Bi Sindano alikuwa kwa mama yake mgonjwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kitu chake kilitoka nyumbani.

"Uliichomekea nini?"

Kibodi, akajibu shemeji, macho sakafuni. Ilikuwa inakatikakatika, basi akaingia kwenye mipangilio ya tableti kabla mfumo haujawaka, akalifunga tundu liwe la kutawala vifaa tu. Na tundu la kutawala halijui kutii. Kidhibiti hakikufa, kilifichwa.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikumbuka jana, njiani. Nikaona haya."

"Kwa hiyo mimi nikanunue tableti ya kuisitiri haya yako?"

Akamsimamia kichwani. Shemeji akarudisha tundu kwenye pande zote mbili, kutawala na kutii, akaiwasha tableti upya. Patupu. Bi Sindano akamsukumia tableti tena. Ndipo shemeji akakumbuka kuwa Jumapili alizima pia programu ndogo inayokiamsha kidhibiti. Alipoiwasha, jina likajitokeza, na mashine ikauona mchoro.

Hakumshukuru. Mumewe akaanza kusema yaliyopita si ndwele, naye akamkatiza bila kupandisha sauti:

"Wewe ndiye uliyekitoa kitu changu bila kuniuliza. Yako bado hatujayaanza."

Shemeji akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Mume akabaki mlangoni, hajui aingie au atoke. Bi Sindano akatandaza koti la kwanza chini ya sindano, akaiongeza mashine kasi mpaka mle ndani yasisikike maneno ya mtu.