Mawe ya Volkano na Chombo cha Mwanga

Nimebeba mugongoni maganda ya miti ya kwinini, mengi hata yangepangwa chini yangefika Kalehe na kurudi. Muchana gunia, jioni daftari: ndiyo Bukavu yangu ya wakati ule Wazungu walipotuona watoto wenye ndevu. Katika shule ya jioni tulikaa wanaume arobaini kwenye viti vya darasa la kwanza, magoti yakigonga videvu. Aliyepata cheti aliingia kazi ya buro, kazi ya meza na kalamu. Aliyekosa alirudi chini ya gunia.

Sharti la mwisho lilikuwa kusimama mbele ya mukaguzi, muzungu, na kueleza jambo moja la sayansi kwa mufano unaoonekana kwa macho. Wenzangu walichagua mambo ya heshima: kuchemsha maji, kuchimba choo, nzi. Mimi nilikuwa nimesoma katika gazeti la Kifaransa kwamba kuna mainjinia wanaowaza chombo cha kwenda kwenye nyota kwa kutupa mwanga nyuma yake. Warusi walikuwa wamekwisha kurusha kimpira chao cha chuma angani, juu ya vichwa vyetu, lakini mimi nilikiona kinajikokota.

"Uko wazimu," akasema rafiki yangu, fundi wa cherehani tuliyekaa naye kiti kimoja. "Sema juu ya nzi, ndugu. Nzi haijanyima mutu cheti."

"Nzi wamesemwa mpaka wamechoka," nikamujibu.

Jumamosi muchana tukashuka ziwani, shule yote pamoja na mukaguzi, daftari langu mukononi mwake. Mufano wangu ulikuwa mutumbwi bila kasia: jiwe ukilitupa nyuma, mutumbwi unasukumwa mbele. Roketi ni hivyo hivyo, ila yenyewe inatupa moto. Pale ufukoni palikuwa na mawe ya volkano yaliyoletwa kutoka upande wa Goma, meusi, makubwa kama vichwa vya ng'ombe. Nikachagua makubwa yote. Nilipoyainua bila shida nilijisifu: ona nguvu za mubeba magunia! Kumbe yalijaa matundu kama mukate.

Fundi alikaa mbele, mimi nikasimama nyuma. Nikatupa la kwanza. Nikatupa la kumi. Mutumbwi ulitulia kama mama mukwe aliyekasirika. Ufukoni watu walicheka mpaka watu wa Sange, mbali kule, wakasikia.

"Mawe yako inashindwa kusukuma mutumbwi," mukaguzi akapaza sauti, "na unataka mwanga isukume chombo? Mwanga iko na uzito gani? Futa ile ukurasa ya mwanga, useme juu ya kuchemsha maji, nikupe cheti leo."

"Chemsha, ndugu!" fundi akaninong'oneza. "Chemsha hata ziwa lote!"

Nilimutazama muzungu, nikatazama jiwe la mwisho. Nikalirusha kwa mwili wangu wote, nusura nilifuate majini. Mutumbwi ukateleza mbele. Kidogo, sawa, lakini ukateleza.

"Jiwe ni jepesi kama yale mengine, Bwana Mukaguzi," nikasema. "Kilichoongezeka ni mwendo wake. Hakuna kinachotupwa mbio kushinda mwanga. Ndiyo, unasukuma kidogo sana: taa zote za Bukavu haziwezi kusukuma hata nzi. Tunakosa moto wa kutoa mwanga wa kutosha, na chuma kisichoyeyuka mbele ya moto huo. Lakini kule juu hakuna maji ya kurudisha chombo nyuma. Kila siku kidogo, siku zinajumulika."

"Na ni wewe utaijenga?"

"Mimi au mutoto wangu. Uraniamu ya Katanga imefika mbali, mpaka ndani ya bomu la Wamarekani, na hakuna aliyeiuliza cheti."

Hakucheka. Akaandika: amekosa. Fundi alisema juu ya nzi, akafaulu, akaingia buro. Jumatatu mimi nilikuwa chini ya gunia.

Mwaka uliofuata alikuja mukaguzi mwingine. Nikamupeleka ziwani na jambo lilelile, neno kwa neno, safari hii na mawe ya mutoni, mazito kama dhambi. Mutumbwi ukaondoka kwa kishindo, mimi nikaanguka majini na daftari. Nikaendelea kueleza habari za mwanga huku nikiogelea.

"Wenzako wanasema ulikosa kwa ajili ya mambo haya haya," akasema. "Na ukikosa tena?"

"Basi tutaonana mwaka ujao, Bwana. Mawe yako mengi."

Akanipa alama ndogo kuliko zote za darasa, akatia saini kwenye cheti changu.